Miche ya Vern Niliyoiua Kabla ya Maonyesho

Mpendwa Beryl,

Naomba msaada wako, na kabla hujaanza kunihurumia ujue unaongea na muuaji, kwa sababu nimeua miche arobaini na miwili ya nyanya ambayo haikuwa yangu, nikaizika kwenye lundo la mboji nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo nimedanganya mtaa mzima, na niliyemdanganya kuliko wote ni mzee ambaye hajanikosea kitu maishani ila kunifundisha kulima.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mmoja, naishi Lenah Valley, hapa Hobart, kule juu barabara inapoanza kupanda kuelekea Mlimani, na jirani yangu wa upande wa chini anaitwa Vern, ana miaka themanini na mitatu, na kwa miaka yote ishirini na sita tuliyotenganishwa na uzio wa mbao yeye ndiye anayeotesha nyanya za mtaa wetu. Kila mwisho wa Agosti anasia mbegu kwenye kibanda chake cha vioo, na Siku ya Maonyesho ya kilimo ikifika mwishoni mwa Oktoba, wenzake wakiwa wamekwenda kutazama ng'ombe na mashindano ya kupasua magogo, yeye anasukuma toroli nyumba kwa nyumba, nyumba kumi na moja, kila nyumba miche mitatu, na tisa inabaki kwake.

Na nyanya zenyewe si za dukani. Mbegu ilikuwa ya mama yake, marehemu Hilda wa Glen Huon, na Vern ameitunza tangu alipozikwa mama huyo, kila mwaka anachagua tunda bora, anakausha mbegu zake juu ya gazeti dirishani, na mtaani kwetu hatusemi hata nyanya, tunasema Hilda, "Hilda wako wamefikia wapi?" "Wangu wana maua, wako je?" Ni kubwa, za rangi ya waridi, kipande kimoja kinafunika mkate wote wa kubanika, ukitia chumvi hutaki kitu kingine.

Sasa Vern ana sheria moja, nayo ni kwamba nyanya haikanyagi nje kabla ya Siku ya Maonyesho. Kila mtu hapa anaijua sheria hiyo, lakini wengi wetu tunaijua kama tunavyojua kwamba sukari ni mbaya, maana kila Oktoba inakuja wiki moja ya joto, jua linakaa mgongoni vizuri, na mtu anaanza kupiga hesabu kwamba akipanda leo huenda Krismasi akaweka mezani nyanya nyekundu ya kwake mwenyewe, na mimi, Beryl, nimefika miaka sitini na mmoja sijawahi kuiweka.

Katikati ya Septemba Vern alianguka kwenye kile kibanda, kiharusi, nilimkuta mimi, nikabaki na ufunguo wake na miche yake niitunze, na wiki moja baadaye nilipokwenda hospitali kumwona mkono wa kulia ulikuwa umelala na ulimi umekuwa mzito, lakini alinishika mkono wa sweta kwa ule wa kushoto.

"Msichana," akasema, ananiita hivyo ingawa nina wajukuu wanne, "usiku... ndani."

"Najua, Vern. Usiku zinalala ndani."

"Hata jua... likubembeleze."

"Vern, nimelima miaka ishirini na sita mimi."

"Kwa kunitazama," akasema, na neno hilo lilitoka zima bila kukwama.

Nilicheka, na muuguzi alicheka, lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani lilianza kuniuma, na sitakuficha, liliniuma kwa sababu ni kweli, na nikajisemea kwamba mwaka huu hayupo wa kusimama kwenye uzio na kunikatalia, nitapanda mapema, na Siku ya Maonyesho nitampelekea picha ya miche iliyokwisha kushika udongo, nimwambie, unaona sasa, mzee. Basi wiki ya joto ilipokuja, Ijumaa, zikiwa zimebaki karibu wiki mbili, niliitoa yote arobaini na miwili, nikaipanga kwenye benchi nje ya kibanda izoee hewa, nikikusudia kuipanda kesho yake asubuhi, na jioni ilikuwa na joto hata nikakaa barazani bila koti, nikaiangalia, nikaona ina furaha, nikaiacha pale pale.

Upepo uligeuka ukatoka kusini baada ya chakula. Asubuhi ya Jumamosi majani yote ya uwanjani yalikuwa meupe kwa jalidi, theluji Mlimani imeshuka hadi nusu, na miche ya Vern imelala kwenye benchi, myeusi, imelainika kama mboga iliyosahaulika jikoni. Nilikaa chini kwenye majani yale ya baridi nikalia kwa sauti, na nilipomaliza kulia nikafanya lile ambalo ndilo hasa nakuandikia.

Niliendesha gari hadi maduka matatu ya bustani, matatu ili asiwepo wa kuniuliza unazitakia nini zote hizo, nikanunua miche arobaini na miwili ya nyanya za kawaida, nikaitoa kwenye vikopo vyake nikaihamishia kwenye zile paketi za maziwa ambazo Vern huzikata na kuandika HILDA kwa kalamu yake nene, na Siku ya Maonyesho nikasukuma toroli lake mtaani. Hakuna aliyeshtuka. Majani ya Hilda ni mapana, hayana meno, na haya yana meno kama majani ya nyanya yoyote, lakini watu hawaangalii majani, wanaangalia kitakachoingia mdomoni, na kila mlango waliniambia mwambie Vern tunamwombea, na mimi nikasema nitamwambia. Tisa nikazipanda kwenye tuta lake, nikazipiga picha, nikampelekea. Alilia, Beryl. Aliishika ile picha mpaka nilipoondoka.

Kesho yake bintiye Roslyn akanipigia simu kutoka Launceston, na Roslyn alikuwa ameshaanza kumtafutia nafasi kwenye makao ya wazee, akaniambia, "Sijui umemfanya nini baba. Juzi alikataa kula. Leo ameniuliza nani anamwagilia Hilda. Basi nimeacha kutafuta ile nafasi, nyumba yake iko pale, acha arudi." Na kweli amerudi, tangu wiki ya pili ya Novemba, watu wa kumsaidia wanakuja asubuhi na jioni, na mchana anakaa kwenye kiti chake kando ya lile tuta, na kila ninapomwona pale najua kwamba kilichomrudisha nyumbani ni uongo wangu.

Jumapili iliyopita nilikuwa natoa machipukizi yanayoota kwapani mwa majani kwenye nyanya zake, akaniita.

"Nipe... jani."

Nikampa. Daktari amesema macho yake hayaoni vizuri upande wa kulia, kwa hiyo nilijipa moyo. Alilisugua, akalinusa, akapitisha kidole gumba taratibu ukingoni mwa jani kuzunguka lote.

"Umefanya kazi, msichana," akasema.

"Kazi gani, Vern, ni kumwagilia tu."

"Umefanya kazi." Kisha akasema, "Mbegu... mwaka huu... tusitunze. Tule tu."

Nilikwenda nyumbani nikakaa jikoni, maana nilielewa kwamba mzee ameshajua hatafika msimu ujao, ananiaga, na mimi namuaga kwa nyanya za dukani. Tangu hapo silali vizuri. Naamka napalilia, kwake, kwangu, hata kwa jirani mwingine aliyevunjika nyonga, matuta ni safi huwezi kuona jani moja lisilopandwa na mtu. Nimefikia hata kuwaza niyang'oe maua yote zisizae niseme ni ugonjwa, kwa sababu Februari zitatoka ndogo na za mviringo na hapo hata kipofu atajua. Nikimwambia, naogopa atageukia ukuta asile tena, na Roslyn atampeleka kwenye yale makao, na mtaa utaniangaliaje. Nisipomwambia, anakufa akiwa amedanganywa na mtu aliyemwamini na ufunguo wake. Mimi niliyemwokota chini kwenye kibanda ndiye niliyemfanyia hivi. Niambie nifanye nini, na usinionee haya.

Wa Upande wa Juu,
Lenah Valley


BERYL ANAJIBU

Wa Upande wa Juu, keti kwanza, na hilo jembe liweke chini.

Nianze kwa kukuvua cheo ulichojipa. Wewe si muuaji. Wewe ni mtu wa hapa Hobart aliyeona jua la Oktoba akaliamini, na kama hiyo ni jinai basi jela zetu hazitatosha, na mimi mwenyewe ningekuwa nina chumba changu cha kudumu. Mwaka nilioolewa nilipanda maboga wiki tatu kabla ya Maonyesho. Mama mkwe wangu alikuja kuyatazama yalivyoungua, akaenda kuchemsha chai, na chai ile naikumbuka mpaka leo.

Nakuhurumia pia kwa lile neno la hospitali. Kufundishwa miaka ishirini na sita na mtu anayejua kuliko wewe kunachosha, hata kama unampenda, na hakuna anayekubali kulisema. Umelisema. Vizuri.

Lakini maduka matatu, hapana. Hapo sina pole ya kukupa. Jalidi ilifanya kazi ya asubuhi moja tu, mengine yote umeyafanya kwa mikono yako, ukiwa macho, na risiti mfukoni. Ungegonga milango Jumamosi ile ile na kusema "jamani, nimeharibu," ungetaniwa mpaka Pasaka na leo ungekuwa unalala. Ulikimbilia kuziba aibu, na sasa aibu imepata miguu.

Sasa nisikilize, maana nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama. Wewe umeiandika lakini hujaisoma.

Mzee ameomba jani. Hakuomba tunda, hakuomba ua, ameomba jani. Amepitisha kidole ukingoni kuzunguka lote. Mama wee, unafikiri alikuwa anatafuta nini pale ukingoni? Mtu aliyeshika majani ya Hilda tangu mama yake azikwe hahitaji jicho la kulia wala la kushoto. Alikuwa anahesabu meno.

Kisha akasema mbegu zisitunzwe. Wewe umesikia mtu anayeaga. Fikiri tena. Mkulima anayeaga hukushika mkono akakusihi mbegu itunzwe, hiyo ndiyo inakuwa kazi yake ya mwisho duniani. Anayesema "tule tu" ni yule anayejua kwamba mbegu iliyoko mbele yake si ya mama yake. Vern anajua. Anajua tangu Jumapili, na huenda hata kabla, na machozi yake ya hospitali sitayagusa kwa sababu sijui yalikuwa ya nini, na wewe pia hujui.

Na baada ya kujua amefanya nini? Amekusifu, mara mbili, kwa ulimi unaomgharimu kila neno. Wewe unakonda kwa kumhurumia yeye, kumbe yeye anakuhurumia wewe. Anakaa kwenye kiti akitazama nyanya za watu, anaiacha mbegu ya mama yake ipotee, ili wewe usiaibike mbele ya nyumba kumi na moja. Hilo ndilo linaloendelea kwenye tuta lile. Likuume, linastahili kukuuma.

Unaogopa ukisema atageukia ukuta. Mimi naona kinyume. Hakuinuka kitandani kwa sababu ya picha nzuri, aliinuka akauliza nani anamwagilia. Alitaka kuwa na kazi. Na sasa umempa nini? Umempa kiti. Ukweli wako utampa kazi tena, kwa sababu kinachofuata ni yeye peke yake anayeweza kukuongoza. Mgonjwa hapati nafuu kwa kubebwa kama yai, hata mbebaji akiwa na nia njema.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii, maana tuko mwisho wa Novemba na jambo lako lina msimu wake.

Muulize kama ana mbegu za miaka iliyopita. Hukuwahi kumuuliza, naelewa, kwa sababu kuuliza ni kukiri. Mbegu ya nyanya iliyokaushwa vizuri inakaa miaka, na mzee wa namna hii hasii zote. Zikipatikana, zisieni siku hiyo hiyo ndani ya kibanda cha vioo na zibaki humo humo. Zitachelewa, zitakuwa dhaifu, lakini kufikia Aprili mtapata tunda, na tunda moja tu lililoiva lina mbegu za kutosha mtaa mzima.

Zisipopatikana, au hata zikipatikana, acha kupalilia. Nasema tena, acha. Kila nyumba iliyokula Hilda msimu uliopita ilidondosha matunda mabovu kwenye matuta na kwenye mboji, na wiki hizi ndizo mbegu za namna hiyo zinapochipua zenyewe, na wiki hizi hizi ndizo watu wanapozing'oa wakidhani ni magugu. Wewe mwenyewe, na hayo matuta yako safi, sijui umeshang'oa Hilda wangapi. Mwombe Mungu jirani zako wawe wavivu. Nenda mlango kwa mlango, waambie watafute mche wa nyanya wenye jani pana lisilo na meno, wasiuguse, wakuite. Watakuuliza kwa nini, na utawaambia kwa nini, neno kwa neno. Mlango wa kwanza utakuwa mgumu. Ukifika wa nne utakuta mtu naye ana la kwake la kuungama, na wa saba atakuwa tayari amesikia, atakungojea getini na koleo.

Roslyn mpigie wewe, siku hiyo hiyo, asije akasikia kwa mtu mwingine. Usimwombe radhi kwa nusu saa. Mwambie ulichofanya, mwambie baba yake alivyoligundua kwa kidole gumba, kisha aamue mwenyewe kama huyo ni mtu wa kupelekwa makao.

Na zile nyanya za dukani ziache na maua yake. Hazina kosa, zimeitwa jina lisilo lao na zimekua vizuri hata hivyo. Mtazila.

Lakini Vern ni wa kwanza kabla ya hao wote, kabla ya mlango wowote. Usimpelekee keki, ukipeleka keki mtaongea habari za keki. Nenda na mikono mitupu, kaa upande wake wa kushoto anakoona vizuri, umwambie, "Vern, miche yako niliiua mimi. Nionyeshe tufanyeje." Kisha nyamaza. Maneno yake siku hizi yanachelewa, na hata akichukua mchana mzima kulitafuta hilo moja, usimsaidie kulimaliza.

Beryl